Sifuri Chini ya Neno Kasi

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na wote walio chini ya dari yako. Goti je, lile la kushoto? Wifi yako ameniagiza niulize goti kabla ya jambo lingine lolote, na kama bado unakanyaga cherehani kwa mguu huo mbovu, nikugombeze kwa niaba yake. Sisi huku tu wazima kwa neema ya Mungu. Presha yangu imetulia. Binti yangu mkubwa ameanza kazi ya uuguzi, na anasema amerithi mikono ya shangazi yake, maana akishika sindano haitetemeki.

Najua utashangaa kupata barua wakati Jumapili tu tulizungumza kwa simu. Simu, dada yangu, ni chombo cha watu wasio na hatia. Kwenye simu ungenikatiza, ungesema basi mdogo wangu, yameisha, nami kwa udhaifu wangu ningefurahi yaishe. Karatasi haimkatizi mtu. Nimekaa mezani, nimesali, nimeshika kalamu, nikaiweka, nikasali tena, na sasa naona nikiendelea kusali nitakuwa namfanya Mungu pazia la kujifichia. Kwa hiyo naandika.

Jambo lenyewe linamhusu Kamama. Nasema Kamama kwa mazoea, maana binti yako amebeba jina la mama yetu marehemu, na tangu anatambaa mimi sikuthubutu kumwita jina lile kavukavu. Jumapili uliniambia kwamba bado amekaa nyumbani, anakushikia pini na kukukatia nyuzi, na kwamba kompyuta yake ameifunga kwenye kanga na kuisukuma chini ya kitanda. Ukaniambia kuna mahali wamemwita kazini na wanataka jibu kabla ya tarehe thelathini, naye hataki hata kuwajibu. Ulipomuuliza sababu akakwambia, "Mama, mimi naandika vitu vizito. Nitaenda kuwatia hasara na hao." Halafu wewe, dada, ukanishukuru. Ukasema asante kwa kumlea mwaka mzima, asante kwa kumsimamia kazini, na kama hakufaa basi hakufaa, siyo kosa la mjomba wake. Niliitikia. Nikasema amina. Kisha nikaenda uani nikasimama karibu na kamba ya nguo, wifi yako akadhani nimepata kizunguzungu.

Ili unielewe, inanibidi nikueleze kazi yangu, ambayo miaka yote umekuwa ukiwaambia watu ni ya kurekebisha redio, na mimi nimekuwa nikikuacha useme hivyo kwa sababu ni rahisi. Karakana yetu inatengeneza visanduku vya kuwasomea watu wasioona. Mtu anaweka karatasi chini ya kijicho cha kamera, anabonyeza kitufe, na sanduku linamsomea kwa sauti. Nilianza pale kwa kufunga skrubu za vifuniko. Kidogo kidogo nikafundishwa kompyuta, kozi ya miezi mitatu, cheti chake unakijua, ni kile nilichokitundika sebuleni kama picha ya harusi. Tangu hapo kazi yangu ikawa kujenga. Wanaoandika programu wanaiandika kwa lugha ya watu, namba na maneno, na sanduku halielewi lugha hiyo. Kuna mtambo ndani ya kompyuta, tunauita kompaila, unaoyachukua maandishi yao na kuyatafsiri kwa lugha ya sanduku. Mimi ndiye niliyekuwa naiendesha hiyo kompaila na kuweka matokeo ndani ya visanduku.

Sasa kompaila, dada, hutii unavyoiagiza. Ukiipa namba sifuri, inatafsiri kila neno kama lilivyo, bila kunyoosha chochote. Wewe fundi cherehani utanielewa: ni kama nguo uliyoipiga bandi tu, zile nyuzi ndefu za kushikiza kwa muda, ili ukikosea ufumue upesi. Nguo hiyo inavalika, lakini haiendi sokoni. Ukiipa mbili, inatoa nyuzi za bandi, inapunguza kitambaa kilichozidi, inashona na kupiga pasi, na programu ileile iliyokuwa ikijikokota inakimbia. Maagizo hayo yamo katika faili moja dogo, na faili hilo lilikuwa langu. Juu yake niliandika mwenyewe TOLEO LA KASI, na nikapanga kwamba kila nikimaliza kujenga, kioo kiandike kwa herufi za kijani: Limejengwa kwa kasi kamili. Niliyapenda sana maneno yale ya kijani.

Kamama alipokuja, mimi ndiye niliyemwombea nafasi, unakumbuka. Mwenye karakana ni mama mmoja mkavu wa maneno, sote tunamwita Injinia, na alinionya kwamba undugu tuuache getini. Kamama akapewa sehemu ngumu kuliko zote, ile ya kuzitambua herufi kwenye picha. Aliandika miezi mitano. Kwenye kompyuta yake mwenyewe ilikuwa ikisoma mstari kwa kufumba na kufumbua, naye alinionyesha akiwa ananing'inia begani mwangu kama zamani. Tukaijenga, tukaiweka kwenye sanduku. Mstari mmoja ukachukua sekunde kumi na moja.

Sekunde kumi na moja si muda mrefu mtu akisubiri chai. Lakini hesabu mwenyewe, mpaka kumi na moja, kati ya kila mstari wa barua hii.

Tuna mzee mmoja anayekuja kila Jumanne kutujaribia visanduku. Ni mwalimu mstaafu, haoni, na tunamwita Mwalimu tu. Mdomo wake ni wembe. Siku ya kwanza alisikiliza nusu ukurasa akauliza kama sanduku limeenda kutafuta miwani. Wiki iliyofuata akaja na karanga, akasema ni za kutafuna kati ya sentensi na sentensi. Watu walicheka, na Kamama naye alicheka, lakini nilimwona anavyoikunja ile karatasi ya majaribio mpaka ikawa ndogo kama kidonge. Injinia alisema kompyuta ya Kamama ni kubwa na sanduku ni dogo, kwa hiyo aliandika kwa ubadhirifu, apunguze. Akapunguza. Wiki tano alikuwa anapunguza. Alikuja kabla yetu, akala chakula cha mchana mkono mmoja, akafikisha sekunde tisa. Uliniuliza wakati ule mbona mtoto amekonda, nikakwambia ni ujana, wanapenda kukonda.

Katika wiki hizo tano aliniuliza mara moja tu. Alikuja mezani kwangu, akasimama kwa adabu yako uliyomfundisha, akasema samahani mjomba, anaomba kama haitanisumbua tuangalie pamoja faili la kujengea, labda kuna kitu. Injinia alikuwa amesimama nyuma pale akichagua nyaya. Na mimi, dada, mtu wa sala, mtu ambaye kazini wananiita Shemasi, nilijisikia nimevuliwa shati mbele ya watu. Nikamgeukia nikamwambia, "Mwanangu, mimi nilikuwa nafungua redio kabla mama yako hajakuota. Soma hapo, imeandikwa nini?"

Akasoma. Kasi kamili. Akasema samahani mjomba, akarudi kwenye kiti chake. Hakuuliza tena. Angeweza kulifungua faili lile peke yake, halikuwa na kufuli, lilikuwa kwenye kompyuta ile ile ambayo sote tunaitumia. Mtu mwingine yeyote angelifungua. Yeye hakulifungua kwa sababu lilikuwa la mjomba wake, na kwetu mtoto hapekui nyuma ya mkubwa. Adabu ile ile tuliyomlea nayo ndiyo iliyomfunga mikono. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ndiye niliyekuwa nguoni mwake.

Kilichofuata unakijua, ila unakijua kwa upande mmoja. Chama cha wasioona kilikuwa kinangoja visanduku kwa ajili ya shule yao, na siku ilikuwa imeshapangwa. Injinia akamwita Kamama ofisini, akamwambia kwa upole kwamba hajaiva kwa kazi ya namna hii, apumzike, ajifunze zaidi. Ijumaa ile tukamuaga. Waliniomba nifunge kwa sala kama kawaida. Nilimwekea mkono kichwani, nikamwomba Mungu amjalie wepesi katika kazi za mikono yake, amwondolee uzito. Watu wakaitikia amina. Mmoja wa akina mama wa stoo akafuta machozi. Kamama akaniinamia, akanishukuru.

Umeshaelewa sasa kwamba lile faili lilikuwa na kasoro. Ndiyo. Chini ya maneno TOLEO LA KASI, mahali pa mbili palikuwa na sifuri. Programu ya mwanao ilikuwa imevalishwa nguo ya bandi na kupelekwa sokoni, na mwenye kuvalisha ni mimi. Sifuri hiyo niliiweka mwenyewe miaka mitatu iliyopita. Wakati ule visanduku vilikuwa vya zamani, vinasema saa tu na tarehe, kazi nyepesi, sifuri au mbili hakuna ambaye angeona tofauti. Kulitokea hitilafu: nikijenga kwa mbili, kitufe cha sauti kinakufa, sanduku linakuwa bubu. Nikijenga kwa sifuri, kinafanya kazi. Wageni walikuwa njiani kuja kuangalia. Nikaweka sifuri, nikasema moyoni nitairudisha kesho, nikashukuru Mungu kwa kuniokoa, na kesho ikapita na nyingine na nyingine. Yale maneno ya kijani hayakusoma namba, yaliandika tu nilichoyaambia yaandike.

Najua ukifika hapa utakuwa umeshaanza kunitetea. Utasema alisahau, binadamu husahau, maskini mdogo wangu. Utamwambia Kamama, mjomba wako alisahau. Hapo ndipo ninapokuomba uketi vizuri, dada yangu.

Ile Jumatano, siku mbili kabla hatujamuaga, Kamama alipoondoka mezani kwangu baada ya mimi kumkaripia, nilibaki na moto masikioni. Nikalifungua faili nipate kuwa na uhakika wa kumwonyesha kwamba mimi nilikuwa sahihi. Nikaiona sifuri. Pembeni yake palikuwa na maneno yangu mwenyewe ya miaka mitatu iliyopita: ya muda tu, irudishwe. Nikayasoma mara mbili. Kamama alikuwa hatua sita kutoka kwangu, amenipa mgongo, anatafuna mfuniko wa kalamu. Nikalifunga lile faili.

Nilijua, dada. Jumatano nilijua, Alhamisi nilijua siku nzima, na Ijumaa nilimwekea mkono kichwani huku nikijua. Nilimwomba Mungu amwondolee uzito ambao mimi ndiye niliyekuwa nimeukalia.

Usiniulize kwa nini kana kwamba kuna sababu kubwa iliyojificha. Nilikuwa nimeshamkaripia mbele ya Injinia. Ningerudishaje maneno yale mdomoni? Halafu nikajiambia nitaibadilisha kimyakimya, lakini sanduku likianza ghafla kukimbia wataniuliza limepona vipi, na kile kitufe kingekufa tena. Na kitufe kile, hili hata Injinia hakulijua, mistari yake niliiandika mimi mwenyewe. Ndiyo mistari pekee niliyowahi kuandika pale, thelathini hivi, nikiwa natamba na cheti changu kipya. Hitilafu niliyoificha kwa sifuri ilikuwa yangu. Kwa miaka mitatu nilipunguza mwendo wa kila kitu ndani ya sanduku lile ili mistari yangu thelathini isionekane imekosewa.

Tangu aondoke ni miezi mitatu. Kila asubuhi nimekuwa nikiongoza sala kazini. Nilikuwa nachagua maneno nisije nikataja kweli wala uongo, na ukitaka kujua mtu anasali vipi akikwepa maneno hayo mawili, anasali juu ya mvua na afya.

Ulipomaliza kunishukuru Jumapili, nilijua kwamba nikilala na shukrani ile nitaizoea. Jumatatu waliponigeukia nifungue kwa sala, nikawaomba wanisamehe, siku hiyo siwezi kusali mbele yao kabla sijasema jambo. Nikalisema, nikiwa nimesimama, kofia mkononi. Nililisema lote, na ile Jumatano nayo. Hakuna aliyenizomea. Ingekuwa afadhali. Yule mama wa stoo aliyelia siku ile aliniangalia mara moja tu, kisha akaanza kupanga maboksi yaliyokuwa yamepangwa tayari. Injinia akasema, "Shemasi, jenga."

Nikaiweka mbili mbele ya macho yao, nikaichukua programu ya Kamama ile ya kwanza, kabla hajaanza kukatakata, haijaguswa hata herufi. Sanduku likawa bubu, kama nilivyojua. Injinia akavuta kiti akaomba mistari yangu. Hakuchukua hata dakika kumi. Alinieleza, na kwa kweli alinieleza kwa upole kuliko nilivyostahili, kwamba kompaila ikiagizwa kunyoosha, huondoa kila inachoona kinarudiwa bure. Mistari yangu ilikuwa ikikitazama kitufe tena na tena, na kompaila ikaona ni kazi ya bure, ikakitazama mara moja ikaenda zake. Lilikosekana neno moja la kuiambia kwamba kitu hiki hubadilishwa na mkono wa nje, usidhani unakijua, kitazame upya kila mara. Neno moja, dada. Akaliandika. Sanduku likapata sauti.

Likasoma ukurasa mzima. Nilikuwa nimeshika saa na nikasahau kuitazama, ikabidi turudie. Mstari mmoja ulitumia chini ya sekunde moja. Lilikuwa linasoma kama wewe unavyosoma barua zangu kwa majirani, bila kupumua.

Jumanne Mwalimu alikuja. Tulimwekea sanduku bila kumwambia kitu. Alisikiliza mpaka mwisho, karanga zikiwa bado kwenye karatasi yake. Akauliza ni nani mpya ameandika hii. Injinia akamjibu hakuna mpya, ni ile ile ya yule binti. Akasema, "Kumbe nilikuwa namcheka mtoto wa watu bure. Mleteni nimwombe radhi." Nikaona mzee asiye na kosa lolote anaomba kupiga magoti mahali pangu. Nikamweleza na yeye. Alinitafuta mkono kwa kupapasa, akaushika kitambo, akauachia, na hakusema mzaha wowote. Kwa mtu kama yule, hiyo ndiyo hukumu.

Mimi sijafukuzwa. Nimeondolewa kwenye kujenga na kurudishwa kwenye meza ya skrubu, na ni haki, wala usimpigie mtu simu kunitetea. Cheti nimekishusha ukutani mwenyewe. Wifi yako ameniuliza pale patundikwe nini, nimemwambia pabaki na msumari.

Ndani ya bahasha hii utakuta karatasi tatu zaidi. Moja ni barua ya Injinia kwenda kwa Kamama, yenye mhuri, inaeleza kilichotokea bila kunificha, ili aionyeshe popote atakapoulizwa kwa nini aliondoka. Anamwambia pia kwamba nafasi yake iko wazi akiitaka, na asipoitaka pia ameelewa. Ya pili ni karatasi ya vipimo: programu yake ile ile, kwa sifuri na kwa mbili, mstari kwa mstari. Ya tatu ni faili langu, nimelichapa lilivyokuwa, na yale maneno ya muda tu, irudishwe.

Nakuomba mambo matatu ya udugu. Usimsimulie, mpe asome mwenyewe, barua hii pia, hata sehemu zinazokuumiza wewe. Usinisamehe kwa niaba yake, hata akilia, hata ukinihurumia. Na mpe leo hii hii, tarehe thelathini isimkute na uzito usio wake.

Kuhusu ile karatasi ya vipimo, mwambie asiiamini kwa kuwa imetoka kwa mjomba wake. Aivute kompyuta chini ya kitanda, aifungue hiyo kanga, ajenge mwenyewe kwa sifuri na kwa mbili, aone kwa macho yake. Na huko aendako, akimkuta mtu mzima amekalia faili na kumwonyesha maandishi ya kijani, amwamkie kwa heshima zote, kisha alifungue faili.

Unakumbuka redio ya baba niliyoifungua nikabakiwa na skrubu tatu nikazificha mfukoni, ukachapwa wewe kwa sababu ulikuwa mkubwa? Kila tukikutana unaisimulia na watu wanacheka, na mimi nacheka kuliko wote. Nakuomba usiisimulie tena mpaka Kamama akuruhusu.

Wifi yako anakusalimu sana, na binti yangu anamwamkia shangazi yake, shikamoo. Nisalimie majirani wa pande zote mbili. Ulitunze goti. Nami najua mwaka huu huenda nisipate jibu, na nitakielewa kimya hicho. Mungu akulinde, dada yangu, wewe na mtoto uliyeniazima mzima nikakurudishia amevunjika moyo.

Ni mimi mdogo wako,
mwenye skrubu mfukoni.